Usingizi wa Laptopu

Jumamosi kwa akina Ruguru haikuwa siku ya kulala. Saa kumi na mbili asubuhi msichana huyo wa miaka kumi na mitatu alikuwa tayari shambani, kikapu mgongoni na mfuko wa plastiki umefungwa kiunoni ili umande usimlowanishe, akichuma chai pamoja na mama yake. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole vinakufa ganzi. Ilikuwa Julai 1999, na mwezi huo huko Kibugu jua huonekana kwa bahati tu. Baba yake, Mzee Mutegi, hakuruhusu mazungumzo shambani. Aliamini kwamba mtu anayeongea huchuma majani magumu, na karani wa kituo cha chai akiyaona huyamwaga chini mbele ya watu.

Siku hiyo, hata hivyo, Ruguru aliruhusiwa kuondoka mapema kwa sababu nyumbani kulikuwa na mgeni mwenye kazi. Anti Jedidah, aliyesoma na mama yake zamani, alikuwa ametoka mtaa wa Dallas kule Embu mjini kuja kupima minyoo ya watoto wa shule. Alilala kwao, na meza ya sebuleni akaigeuza maabara. Juu yake alipanga hadubini, vioo vidogo vya kupakia choo, na kitu ambacho Ruguru hakuwa amewahi kukiona ila kwenye picha: laptopu, yaani kompyuta ndogo inayofunguliwa na kufungwa kama kitabu. Ubavuni mwa laptopu hiyo kulichomekwa kipanya chenye mkia mrefu na kisanduku cha kusomea diski.

Kila mtoto alitakiwa kuleta choo kidogo ndani ya kiberiti kitupu chenye nambari yake. Utani uliovuma shuleni wiki hiyo hausemeki hapa. Itoshe kusema kwamba mtoto mmoja wa darasa la nne alikisahau kiberiti chake jikoni, na mama yake akakifungua akitaka kuwasha jiko. Watoto wengi walileta viberiti vyao Ijumaa, na majibu yao yalikwisha kuingizwa na kuhifadhiwa. Themanini na sita walileta Jumamosi asubuhi. Kimoja kati ya viberiti hivyo, nambari 131, Ruguru alikibeba mwenyewe kutoka kwa rafiki yake Cicily, ambaye hakuwa na nguvu ya kupanda mlima.

Walifanya kazi hiyo wawili. Anti Jedidah alitazama kioo kwenye hadubini, akahesabu mayai ya minyoo, akaandika hesabu kwenye laptopu, kisha akampa Ruguru kioo akioshe kwa sabuni na dawa. Viberiti vilitupwa chooni. Karatasi haikutumika, kwa maana mwaka huo ofisi ilikuwa inajaribu kufanya kila kitu kwa kompyuta. Kwa hiyo kioo kikishaoshwa, jibu la mtoto lilikuwa limebaki mahali pamoja tu. Ruguru alilijua jambo hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni mikono yake iliyoosha.

Anti alimweleza pia faida ya kazi yenyewe. Jumatatu gari lingepita kuwachukua wale watakaoonekana kuwa na minyoo mingi ya safura, wapelekwe hospitali wakatibiwe na kuongezewa damu. Wasiokuwa kwenye orodha wangesubiri hadi muhula ujao.

Saa saba kazi iliisha, na laptopu nayo ilikuwa imechoka. Tangu asubuhi ilikuwa inatumia betri yake yenyewe, kwa kuwa nyumba haikuwa na stima. Mzee Mutegi alikuwa na betri ya gari, ingawa gari lenyewe hakuwa nalo wala hakutazamia kulipata. Betri hiyo ndiyo iliyoendesha televisheni na redio, kwa sheria yake kali kwamba kitu kimoja kikila kingine kinakaa njaa. Ilikuwa kuukuu. Jana yake aliipeleka sokoni kuchajiwa, stima ikapotea mchana kutwa, akarudishiwa ikiwa nusu. Anti Jedidah alibana klipu mbili za chaja yake kwenye betri hiyo, na taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye chaja.

Papo hapo Thuranira, dereva wa gari la afya, akapiga honi barabarani. Alikuwa mtu wa mji wa Maua, aliyewahi kuendesha pikapu za kukimbiza miraa sokoni kabla ya kuapa kwamba hatakimbiza gari tena maishani. Anti alifunika laptopu haraka, akachukua mkoba aende kupima watoto wa shule ya pili.

"Ruguru, nimeilaza tu, sijaizima," alisema akiwa mlangoni. "Iache ile chaji mpaka nirudi saa kumi na moja. Kitu kisiguswe, sawa?"

"Sawa, Anti."

Mama alirudi shambani, Baba akaenda kituoni kusubiri lori la chai. Ruguru akabaki peke yake, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Saa nane na nusu kulikuwa na kipindi cha watoto redioni, na Ruguru alijua, shule nzima ilijua, kwamba kwaya yao iliyorekodiwa kwenye mashindano ya mkoa ingechezwa siku hiyo. Ruguru ndiye aliyeanzisha wimbo. Redio kaseti ya Baba ilitumia mawe manane, yale ya betri ndogo, na yote yalikuwa yamekwisha. Kwa kawaida waliyaanika juu ya mabati, yakipata jua yanafufuka kidogo, lakini jua lenyewe lilikuwa wapi? Waya za kuunganisha redio na betri ya gari zilining'inia palepale kwenye msumari.

Hakukurupuka. Alifikiri, na pengine hilo ndilo lililomponza. Redio ikizimwa haili betri hata kidogo, na kila mtu Kibugu anajua hivyo. Basi laptopu iliyolala ingekula nini? Anti mwenyewe alisema imelala. Tena wimbo ni dakika nne tu. Akabana waya za redio juu ya klipu za chaja.

Wimbo ulikuja baada ya hotuba ndefu ya mtangazaji na kwaya mbili za shule zingine. Ruguru aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye boksi lile alijikumbatia na kucheka peke yake kama mwehu. Aliongeza sauti. Akaongeza tena. Ubeti wa pili ulipofika, kwaya ilianza kuimba polepole, kwa sauti nzito, kama wazee waliolewa. Kisha redio ikanyamaza.

Aligeuka. Taa ya kijani ya chaja ilikuwa imezimika. Alizinyofoa waya za redio akitumaini itawaka, lakini haikuwaka. Nusu dakika baadaye laptopu ililia mara tatu, pi, pi, pi, na taa yake ya mbele, iliyokuwa kijani, ikageuka rangi ya chungwa na kuanza kuwaka na kuzimika.

Ruguru alizirudisha waya msumarini, akairudisha redio kabatini, akaifunika na kitambaa chake. Halafu akaketi mbele ya laptopu kuitazama, maana hakuthubutu kuigusa. Taa iliwaka, ikazima, ikawaka. Je, imekufa au inakufa? Aliogopa kufungua kifuniko, aliogopa kuacha kukifungua.

Wazo likamjia, nalo halikuwa zuri. Betri ya Baba ni kuukuu. Kila mtu anajua ilirudi nusu. Anti akirudi ataikuta haina moto, na ataona tu kwamba imeshindwa yenyewe. Hakuna atakayeuliza. Baba ataona haya mbele ya mgeni, lakini haya huisha. Ruguru aliligeuza wazo hilo huku na huku, na kila alipoligeuza lilionekana rahisi zaidi. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya.

Lakini kukaa na ile taa kulimshinda. Alitoka nje, akateremka mlima hadi kwa akina Cicily.

Cicily alikuwa amelala kwenye kitanda cha mamaye, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Alikuwa na umri sawa na Ruguru na zamani alimshinda mbio. Sasa midomo yake ilikuwa myeupe, na macho yalikuwa makubwa kuliko uso. Pembeni mwa mto palikuwa na kipande cha udongo mwekundu wenye alama za meno. Mamaye alikuwa amejaribu kumkataza kula udongo hadi akachoka.

Ruguru alisema habari za shule, akasema habari za chai, akasema kila kitu isipokuwa wimbo. Cicily alimsikiliza akiwa anahema.

"Yangu imepimwa?" aliuliza.

"Imepimwa."

"Si iko na minyoo mingi? Mama anasema kama iko mingi nitaenda na gari Jumatatu."

"Iko kwa kompyuta," Ruguru alijibu akiutazama ukuta. "Usijali."

Cicily alitabasamu, akafumba macho. Ruguru aliona aibu iliyomfanya asikie joto masikioni. Alikuwa amemdanganya mgonjwa, na mgonjwa amelala kwa raha kwa sababu ya uwongo huo. Akaaga. Alipofika nje hakupanda kurudi nyumbani. Alishika njia ya shule ya pili, alikoenda Anti Jedidah, akaanza kukimbia.

Ni mwendo wa karibu kilomita tatu kupitia mashamba ya chai, na udongo wa Kibugu ukilowa huteleza vibaya. Alianguka mara mbili. Njiani alitunga maelezo. Kwanza angesema betri imekwisha yenyewe. Kisha akaona afadhali aseme redio iliwashwa kidogo tu. Alipoliona gari la afya uwanjani, na Anti Jedidah akiwapanga watoto kwenye foleni, maelezo yote yalimtoroka.

"Anti, niliunganisha redio na ile betri," alisema akitweta. "Nilitaka kusikia kwaya yetu. Betri imekwisha. Laptopu imelia mara tatu."

Uso wa Anti Jedidah ulibadilika. Ruguru alijikaza kusubiri kofi. Badala yake Anti alimshika mabega.

"Ile taa ya mbele. Ni rangi gani?"

"Chungwa. Inawaka na kuzima."

"Inawaka pole pole ama haraka haraka?"

"Pole pole."

"Ulitoka lini?"

"Sijui, Anti. Nilipitia kwa Cicily. Labda saa nzima imepita."

Anti alimwita Thuranira, akawaachia walimu foleni, na wote watatu wakaingia garini. Ndani ya gari alimwambia Ruguru kile ambacho hakuwa amemwambia mchana. Laptopu iliyolala si sawa na redio iliyozimwa. Inafumba jicho tu, lakini moyoni inashikilia yote yaliyoandikwa, na kuyashikilia kunahitaji moto kila dakika. Moto huo ukiisha, inaachilia yote. Majibu ya Jumamosi, yote themanini na sita, yalikuwa yameshikwa hivyo, kwa sababu honi ilipopigwa Anti alifunika bila kuyahifadhi.

"Kwa hiyo hayako mahali pengine?" Ruguru aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Wewe ndiye uliosha vioo," Anti alijibu.

Thuranira alisikia hayo, na kiapo chake cha kutokimbiza gari kikafika mwisho. Alipiga kona za Kibugu kama mtu anayewahi soko la Nairobi kabla hakujapambazuka. Tope liliruka hadi kwenye vioo. Ruguru alishikilia kiti kwa mikono miwili, akiomba Mungu kimoyomoyo, na maombi yake yote yalikuwa juu ya taa moja ndogo. Kwenye mteremko wa mwisho gari liliteleza, likakaa mshazari kando ya mtaro, magurudumu yakizunguka bure. Nyumba ilikuwa inaonekana pale juu, labda hatua mia mbili.

Anti alivua viatu vya mjini akavibeba, nao wakapanda mbio yeye na Ruguru.

Taa ilikuwa ingali inawaka. Lakini sasa iliwaka haraka haraka, bila kupumzika. Anti hakufungua kifuniko. Kwanza alichomoa kipanya. Kisha akachomoa kisanduku cha diski. Kisha akanyofoa klipu zake kutoka kwenye betri ya Mzee Mutegi, akaiweka laptopu kifuani chini ya sweta.

"Nishikie chaja, usiiache iburute. Twende kwa gari."

Waliteremka wakishikana mikono wasianguke. Thuranira alikuwa amefungua boneti na injini ikinguruma. Anti alibana klipu kwenye betri ya gari, na taa ya kijani ya chaja ikawaka. Ruguru aliitazama taa ya laptopu. Iliendelea kuwaka na kuzima kwa rangi ileile ya chungwa. Aliihesabu: kumi, kumi na tano, ishirini. Ilipofika thelathini na kitu, ikatulia, bado ya chungwa lakini bila kuzima.

"Imeanza kula," Anti alisema. Akafungua kifuniko.

Skrini ilikuwa nyeusi. Halafu ikapata mwanga kutoka pembeni, na mistari ikatokea, nambari na hesabu, nambari na hesabu. Anti alibonyeza mahali pa kuhifadhi kabla hata ya kusoma. Alipokwisha kuhifadhi, aliteremsha mistari hadi 131. Hesabu iliyokuwa mbele ya nambari hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Ruguru aliketi kwenye nyasi zenye maji akalia kwa sauti, naye hakujali kwamba Thuranira anamtazama.

Jioni, Mzee Mutegi aliporudi kutoka kituoni, Ruguru alimweleza yote mbele ya mama na mgeni, kuanzia waya za msumarini hadi kwenye ile fikira ya kuisingizia betri yake. Hapo Baba aliinua macho. Hakupiga kelele. Alisema kwamba mwezi mzima redio haitawashwa, na betri itabebwa sokoni na yeye aliyeimaliza, kwa toroli. Kisha akamwuliza Jedidah swali lililomsumbua mwenyewe. Kama laptopu ilikuwa na betri yake ndani, mbona ilidhoofika haraka hivyo?

Anti Jedidah aliivuta laptopu karibu, akawaonyesha. Chaja ikileta moto, alieleza, laptopu huugawa. Kwanza hujilisha yenyewe. Kisha hulisha vile vilivyochomekwa ubavuni, kipanya na kisanduku cha diski. Kinachobaki ndicho inachoweka akiba kwenye betri yake ya ndani. Mchana ule akiba ilikuwa karibu kuisha, na betri ya gari ikawa inagawana na redio. Chaja ilipokata, laptopu ikaanza kula akiba yake kidogo, na hii ya kwake, hata ikilala, huendelea kulisha vilivyochomekwa. Ndiyo sababu alivichomoa kwanza.

"Kwa hivyo tulikuwa wawili wa kukosa," alisema. "Mimi sikuhifadhi, na nikaacha vitu vikinyonya. Hilo nitaandika kwa ripoti yangu, hata kama bosi atanikaripia. Lakini Ruguru, nisikilize. Laptopu ilipoona imezidiwa ilifanya nini?"

"Ililia mara tatu."

"Ililia ikiwa bado iko na nguvu kidogo. Ingengoja mpaka iishe, kulia kungesaidia nani? Na wewe ungengoja hiyo saa kumi na moja, ningerudi nikute imezimika, niseme tu betri ya Mutegi imezeeka. Singekuuliza kitu. Hakuna mtu angejua, leo wala kesho. Cicily angekaa kwa kitanda akingoja gari ambalo haliji, na wewe peke yako ndiye ungejua ni kwa nini. Kosa likisemwa mapema linapata wa kulitengeneza. Hilo ndilo ushike."

Ruguru aliitikia kwa kichwa. Lakini jambo moja lilikuwa halijasemwa.

Kesho yake, walipotoka kanisani, alikwenda kwa akina Cicily. Alimwambia kwamba aliposema usijali, jibu lake lilikuwa linapotea, na kwamba yeye ndiye aliyelipoteza, na kwamba sasa limepatikana. Alisema upesi bila kupumzika. Cicily alijiinua kwa kiwiko.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Ulikuwa hunitazami."

Jumatatu gari la afya lilisimama chini ya mlima. Ruguru alimshika Cicily mkono upande mmoja, mamaye upande wa pili, wakamteremsha hatua kwa hatua. Thuranira alifungua mlango, akaendesha polepole mno. Ruguru alibaki barabarani hadi mlio wa gari ulipotoweka kwenye ukungu, kisha akarudi nyumbani kuchukua toroli.